Roger Casement na sentensi ya mwaka 1351

Hapa Kongo, anayemjua Roger Casement anamjua kwa ripoti yake ya 1904 juu ya mpira na mikono iliyokatwa. Wanasheria wa Uingereza wanamjua kwa jambo jingine kabisa. Kwao jina lake ni jina la kesi, Mfalme dhidi ya Casement, na kesi hiyo husomwa mpaka leo kwa sababu uhai wa mtu ulitegemea swali ambalo mwalimu wa sintaksia angeweza kulitoa kwenye mtihani: kielezi cha mahali kilicho mwishoni mwa sentensi kinashikamana na kitenzi kipi? Sentensi yenyewe iliandikwa mwaka 1351, kwa Kifaransa cha Wanormandi, juu ya ngozi. Ni haki habari hii isimuliwe katika jarida la kitivo cha lugha, na tena isimuliwe na Wakongo.

Casement alizaliwa tarehe 1 Septemba 1864 huko Sandycove, karibu na Dublin. Ireland yote wakati ule ilikuwa chini ya taji la Uingereza. Baba yake alikuwa amekuwa ofisa wa jeshi, Mprotestanti. Mama yake aliwapeleka watoto kwa siri wakabatizwe katika Kanisa Katoliki. Mama alikufa mtoto akiwa na miaka tisa, baba naye akafuata mwaka 1877, na yatima akalelewa na ndugu wa baba katika wilaya ya Antrim, kaskazini. Hakwenda chuo kikuu. Alianza kazi akiwa kijana mdogo kama karani wa kampuni ya meli mjini Liverpool, na mwaka 1883 akapanda meli kuja Afrika ya Magharibi. Mwaka uliofuata alikuwa tayari Kongo, kwenye utumishi wa jumuiya ya Mfalme Leopold.

Jambo hili lisirukwe. Mtu aliyekuja kuifichua Bula Matari alianza kwa kuitumikia. Alifanya kazi mbalimbali katika Kongo ya Chini, pamoja na kupima njia ya reli kutoka Matadi, na hapo Matadi, mwezi wa Juni 1890, alikutana na nahodha mmoja Mpolandi aliyeitwa Joseph Conrad, ambaye bado alikuwa hajachapisha kitabu chochote. Wakakaa pamoja, wakaelewana. Miaka 26 baadaye urafiki huo utapimwa, na tutaona ulivyopimwa.

Kutoka hapo aliingia katika utumishi wa serikali ya Uingereza, akawa konsuli: Lourenço Marques, Luanda, kisha Boma. Mwezi wa Mei 1903 bunge la London lilipitisha azimio juu ya malalamiko yaliyotoka Kongo, na serikali ikamwagiza konsuli wake aende akaone kwa macho. Casement alikuwa mwerevu wa mambo madogo. Alijua kwamba akisafiri kwa meli ya Dola atakula, atalala na kuzungumza kwa ruhusa ya Dola, kwa hiyo alikodi meli ndogo ya mvuke ya wamisionari wa Kimarekani, Henry Reed, akapanda mto kwa muda wake mwenyewe mpaka ziwa la Tumba na mto Lulonga. Safari hiyo haikufika Katanga wala Kivu. Sisi wa upande huu hatumo ndani yake. Lakini mambo aliyoyaandika, vijiji vilivyohamwa, wake waliofungwa mpaka waume walete vikapu vya mpira, makapita wenye bunduki, ni mambo ambayo wazee wa sehemu nyingi za nchi waliyasimulia bila kuwa wamesoma karatasi ya Mzungu yeyote.

Ripoti ilichapishwa mwanzoni mwa 1904, na Casement alikasirika alipoiona. Wakubwa wake walikuwa wameondoa majina ya watu na ya vijiji, wakaweka herufi na alama mahali pake. Walisema ni kwa kuwalinda mashahidi. Yeye aliona kwamba ushuhuda usio na jina ni ushuhuda uliokatwa mkono, na hakukosea sana, maana mabishano yaliyofuata yaligeuka haraka kuwa mabishano juu ya mashahidi. Kijana mmoja, Epondo, alikuwa amesema mbele ya konsuli kwamba mkono wake ulikatwa na mlinzi wa kampuni ya mpira. Baadaye, mbele ya wakubwa wa Dola, Epondo akasema ni nguruwe-mwitu aliyemwuma, na watetezi wa Leopold wakalichukua neno hilo kuwa fimbo ya kuipigia ripoti nzima. Maneno ya kijana yalikuwa yamepita kwa wakalimani kila mara, mara hii wakalimani wa misheni, mara ile watu wa serikali. Anayejifunza ukalimani ajue kwamba somo lake lina damu ndani yake. Hata hivyo ripoti ilisimama. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Leopold mwenyewe ilithibitisha mengi ya yaliyosemwa, na mwaka 1908 Kongo ikaondolewa mikononi mwa mfalme na kuwa koloni la Ubelgiji. Kama hilo lilikuwa faida kubwa kwa babu zetu, ni swali la makala nyingine.

Kazi ya namna hiyo hiyo alipewa tena mwaka 1910, akiwa konsuli mkuu Brazil: kuchunguza mateso ya Wahindi wa mto Putumayo, ambako kampuni iliyosajiliwa London ilikuwa ikikusanya mpira kwa mjeledi. Mwaka 1911 mfalme alimpa cheo cha heshima, akawa Sir Roger. Aliandika barua ya shukrani kwa waziri wa mambo ya nje, barua ya unyenyekevu mkubwa kama desturi ilivyodai. Barua hiyo ilihifadhiwa, nayo ilisomwa tena miaka mitano baadaye, mahali ambapo hakuitarajia.

Kwa sababu moyo wake ulikuwa umekwisha kugeuka. Mwenyewe alieleza kwamba ni Kongo iliyomfungua macho: akitafuta Leopold kule msituni alijikuta anaitazama Ireland, nchi ambayo watu wake pia walinyang'anywa ardhi na lugha. Sisi Wakongo tunaweza kusoma sentimenti hiyo kwa tahadhari kidogo, maana mateso ya mpira hayana mfano wa karibu. Lakini yeye aliamini, na alitenda kadiri alivyoamini. Alistaafu mwaka 1913, akapokea pensheni ya konsuli, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa waanzilishi wa jeshi la kujitolea la Wairishi waliotaka nchi yao ijitawale.

Tukumbuke hapa kwamba hawakuwa wa kwanza kujipanga kwa silaha. Waprotestanti wa Ulster, ambao hawakutaka kabisa serikali ya Dublin, walikuwa wameunda jeshi lao kabla, na mwezi wa Aprili 1914 waliingiza kwa siri maelfu ya bunduki kutoka Ujerumani. Wanasiasa wakubwa wa Uingereza waliwaunga mkono hadharani. Mmoja wao alikuwa mwanasheria hodari na mwenye ulimi mkali, F. E. Smith. Msomaji alishike jina hilo.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Casement alikuwa Marekani akitafuta fedha. Mwezi wa Oktoba alivuka bahari kwa siri, akapitia Norway, akafika Berlin. Mpango wake ulikuwa kuwaendea wanajeshi Wairishi waliotekwa wakipigania Uingereza, waliokusanywa katika kambi ya Limburg, na kuwashawishi waunde kikosi cha kupigania Ireland. Ulishindwa vibaya. Kati ya maelfu ya mateka, waliojiunga walikuwa hamsini na kitu. Wengine walimzomea. Baadhi ya waliomzomea walirudishwa makwao kwa mabadilishano ya mateka wagonjwa, na hao ndio waliokuja kuwa mashahidi.

Mwanzoni mwa 1916 alijua kwamba Wairishi wa Dublin wanapanga kuasi wakati wa Pasaka na kwamba Wajerumani watatuma bunduki 20,000 tu, bila askari. Aliona ni kuwapeleka vijana machinjoni. Akaomba apelekwe Ireland, na nia yake, kadiri tunavyojua sasa, ilikuwa kuuzuia uasi. Alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Aprili 1916, nyambizi ya Kijerumani iliwashusha watu watatu katika mashua ndogo mbele ya pwani ya Banna, magharibi ya Ireland. Mashua ikapinduka, wakafika ufukoni wamelowa. Msichana wa kazi aliyeamka mapema aliwaona wakipita. Kabla ya jioni Casement alikuwa amekamatwa katika magofu ya ngome ya kale, na mfukoni mwake mlikuwa na tikiti ya treni kutoka Berlin. Meli ya bunduki ilizamishwa na nahodha wake mwenyewe siku iliyofuata. Uasi ulitokea hata hivyo, siku ya Jumatatu, ukazimwa ndani ya juma moja, na viongozi 15 wakapigwa risasi kwa hukumu za haraka za kijeshi.

Casement hakupigwa risasi. Alikuwa mtu wa kujulikana duniani, na serikali ilitaka kesi ya wazi, ya kiraia, mbele ya majaji watatu na jopo la raia 12. Ilifunguliwa London tarehe 26 Juni 1916. Kiongozi wa majaji alikuwa jaji mkuu, Lord Reading. Upande wa mashtaka uliongozwa na mwanasheria mkuu wa serikali, naye hakuwa mwingine ila F. E. Smith.

Kupata mtetezi kulikuwa shida. Wakili aliyeshika faili, George Gavan Duffy, aliambiwa na washirika wake kwamba akiichukua kesi hiyo aondoke katika ofisi yao, naye akaondoka. Mawakili wakubwa wa London walikataa, na mwisho akapatikana A. M. Sullivan, wakili wa Dublin, ambaye siasa za mteja wake hakuzipenda hata kidogo. Msaidizi wake alikuwa Artemus Jones. Wanafunzi wa sheria wanalijua jina hilo kutoka kesi nyingine: gazeti moja lilibuni mhusika wa kuchekesha kwa jina la Artemus Jones, kumbe mtu mwenye jina hilo yupo; akalishtaki, akapewa pauni 1,750, na mwaka 1909 mahakama ya juu kabisa ikakubali kwamba mwandishi anawajibika hata kama hakuwa na mtu yeyote akilini. Ni kama majina yalikuwa na njia yao ya kumtafuta mtu huyu.

Sasa, utetezi. Mwandishi George Bernard Shaw alitaka Casement akubali kila tendo na kusema tu kwamba yeye ni Mwirishi, mateka wa vita, wala si msaliti. Casement alilipenda wazo hilo. Sullivan alilikataa. Matendo yalikuwa hayakanushiki: mashahidi wa Limburg, tikiti, nyambizi. Kilichobaki ni sheria yenyewe, na sheria ya uhaini ilikuwa ile ya Mfalme Edward wa Tatu ya mwaka 1351.

Sheria ile inataja aina kadhaa za uhaini. Moja ni kushikamana na maadui wa mfalme. Sentensi yake inakwenda hivi, kipande kwa kipande: kwanza inamtaja mtu anayeshikamana na maadui wa mfalme katika ufalme, halafu inaeleza kwamba anawapa maadui hao msaada na faraja katika ufalme, na mwisho inaongeza maneno mawili, par aillours, ambayo sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunayatambua bila kamusi: au kwingineko. Casement alishikamana na maadui, na aliwapa msaada, lakini yote aliyafanya Ujerumani. Je, hilo kwingineko linafika wapi?

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mkuu wa soko ameweka amri: mfanyabiashara akishirikiana na wezi ndani ya soko, akiwapa chakula na malazi ndani ya soko au kwingineko, anafukuzwa. Kuna muuzaji aliyevuka mto akakaa na wezi ng'ambo, akala nao na kupanga nao, na muda wote huo hakukanyaga sokoni. Anafukuzwa au hafukuzwi? Ukisoma kwingineko pamoja na kuwapa chakula peke yake, amri inamhusu tu mtu aliye sokoni anayeshirikiana na wezi, hata kama chakula anakipeleka mbali. Muuzaji wetu amepona. Ukisoma maneno ya chakula kama maelezo tu yaliyowekwa katikati, kuonyesha ushirikiano ni nini, basi kwingineko kunaruka juu yake na kurudi kwenye kitenzi cha kwanza. Kushirikiana kwingineko nako ni kosa. Muuzaji amekwisha.

Sullivan alitetea usomaji wa kwanza. Hoja yake haikuwa ujanja mtupu. Watu wa karne ya 14, alisema, waliandika sheria hii ili kubana maana ya uhaini, kwa sababu majaji walikuwa wameipanua wakawanyang'anya mabwana mashamba yao. Si busara kuisoma kwa upana. Tena katika miaka yote ile iliyopita hakuonyeshwa mtu mmoja aliyehukumiwa waziwazi kwa kushikamana na adui akiwa nje ya ufalme tu. Upande wa mashtaka ulijibu kwa waandishi wakubwa wa sheria, Coke na Hale, walioandika kwamba kosa linaweza kutendwa nje, na kwa sheria ya Mfalme Henry wa Nane iliyoweka mahali pa kuhukumia uhaini uliotendwa ng'ambo. Kwa nini mfalme aweke mahali pa kuhukumia kosa lisiloweza kuwapo? Sullivan akasema uhaini una aina nyingine, kama kupanga kumwua mfalme, na hizo zinaweza kufanyika popote. Na kama Coke alisema zaidi ya hapo, basi Coke alikosea. Kumwambia jaji wa Kiingereza kwamba Coke alikosea ni kazi ya mtu jasiri.

Majaji walimsikiliza kwa heshima, kisha wakakataa. Kesi ikaenda mbele ya jopo. Katika hotuba yake ya mwisho Sullivan alianza kugusa bunduki za Ulster, zile za Wajerumani za 1914; Lord Reading akamzuia kwa sababu hapakuwa na ushahidi juu yake mahakamani. Dakika chache baadaye wakili huyo, aliyekwisha kuchoka kabisa, akaishiwa na maneno, akakaa chini, na kesho yake Artemus Jones akamalizia kwa niaba yake. F. E. Smith hakuguswa na kitu. Yeye ndiye aliyekuwa amefungua kesi kwa ile barua ya shukrani ya 1911, akionyesha jopo unyenyekevu wa Sir Roger na pensheni aliyokula. Tarehe 29 Juni jopo lilitoka kwa muda usiotimia saa moja, likarudi na neno la hatia.

Ndipo Casement mwenyewe akasema, akiwa kizimbani, akisoma karatasi zake kwa mikono iliyotetemeka mwanzoni. Hakurudia sarufi. Alisema wanaompasa kumhukumu ni watu wa nchi yake, Ireland, na kwamba sheria ya miaka zaidi ya 560, iliyotungwa na mfalme wa Uingereza kwa Waingereza, haiwezi kumfunga kwa upendo, na utii ni tunda la upendo. Halafu aligeukia mashtaka. Alisema tofauti kati yake na mabwana wa Ulster ni kwamba wao walichukua njia waliyojua itawafikisha kwenye kiti cha jaji mkuu wa taifa, naye alichukua njia aliyojua itamfikisha kizimbani, na kila mmoja amefika alikokuwa akienda. Smith alikuwa bado hajafika. Alifika mwaka 1919.

Rufaa ilisikilizwa tarehe 17 na 18 Julai, mbele ya majaji watano. Hapa ndipo kisa kinachopendwa na wanafunzi kilipotokea. Majaji wawili, Darling na Atkin, walikuwa wamekwenda wenyewe kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa kuitazama ile ngozi ya kale kwa kioo cha kukuzia, waone kama mwandishi wa 1351 aliweka mapumziko mahali gani katika sentensi. Walirudi na habari za vijialama. Sullivan akajibu, kwa maana, kwamba uhalifu wa mtu usipimwe kwa alama za uandishi, na kama kweli maisha yananing'inia kwenye mkato, ile tunayoiita virgule, basi mkato huo usomwe kwa faida ya mshtakiwa. Majaji walishikilia kwamba maneno juu ya msaada na faraja ni maelezo tu ya kushikamana ni nini. Rufaa ikakataliwa.

Tangu hapo watu husema Casement alinyongwa kwa mkato. Msemo ni mtamu, lakini si sahihi sana. Majaji walisimama zaidi juu ya Coke na wenzake kuliko juu ya alama yoyote, na mwaka 1351 hakuna aliyeweka mikato kwa kanuni zetu. Kilichomnyonga ni usomaji: uamuzi kwamba kipande cha katikati ni maelezo, wala si sharti. Usomaji huo unaweza kutetewa. Ule mwingine pia, na kanuni ya zamani ya Waingereza wenyewe inasema kwamba sheria ya adhabu yenye maana mbili isomwe kwa upole. Mimi naona Sullivan alikuwa na sarufi, majaji walikuwa na desturi, na mwaka ulikuwa 1916, mwezi wa vita vya Somme.

Ilibaki ngazi moja, rufaa kwa mabwana wa bunge. Lakini ili kufika huko ilihitajika hati ya mwanasheria mkuu wa serikali kwamba suala ni zito. Mwanasheria mkuu alikuwa F. E. Smith. Alikataa.

Kikabaki cha kuomba huruma. Conan Doyle alikusanya sahihi za watu wakubwa. Conrad alikataa kuweka yake. Wakati huo huo maofisa wa serikali walikuwa wakipitisha kwa waandishi wa habari, makasisi na mabalozi nakala za shajara zilizokutwa katika mizigo ya Casement, zinazotaja mahusiano yake na wanaume, jambo lililokuwa kosa la jinai. Smith alikuwa amezitoa hata kwa mtetezi, ili aombe hukumu ya wazimu. Sullivan alikataa hata kuzitazama. Kwa miaka mingi Wairishi wengi waliamini kwamba shajara zilighushiwa. Uchunguzi wa kitaalamu wa mwandiko mwaka 2002 ulisema ni za mkono wake. Lakini mwaka 1916 swali halikuwa kama ni za kweli. Hazikuwa na uhusiano wowote na shtaka, hazikutajwa mbele ya jopo, na bado zilifanya kazi yake: wengi waliokuwa tayari kumwombea walinyamaza.

Alivuliwa cheo cha Sir. Katika gereza la Pentonville alipokewa rasmi katika Kanisa la mama yake, na tarehe 3 Agosti 1916 akanyongwa. Alikuwa wa 16 kuuawa kwa sababu ya uasi ule wa Pasaka, na wa pekee aliyeuawa nje ya Ireland. Walimzika ndani ya ukuta wa gereza.

Usomaji wa majaji ulibaki kuwa sheria. Mwaka 1946, ilipofika zamu ya William Joyce, aliyekuwa amewatangazia Waingereza kwa redio kutoka Berlin katika vita vya pili, mabwana wa mahakama ya juu walichukua kama jambo lililokwisha amuliwa kwamba uhaini unaweza kutendwa nje ya ufalme, wakitaja kesi ya Casement. Joyce naye akanyongwa.

Na wale wa 1916? Mwezi wa Desemba 1921 Waingereza na Wairishi walitia sahihi mkataba ulioipa sehemu kubwa ya Ireland dola yake. Kati ya waliosaini upande wa London alikuwamo F. E. Smith, sasa Lord Birkenhead. Kati ya waliosaini upande wa Dublin alikuwamo Gavan Duffy, wakili aliyefukuzwa ofisini kwa ajili ya mteja wake.

Casement aliomba azikwe Murlough, ghuba ndogo ya Antrim aliyoipenda utotoni. Mwaka 1965 serikali ya London ilikubali kuitoa mifupa yake Pentonville, kwa sharti kwamba isipelekwe Ireland ya Kaskazini. Ilizikwa Dublin, katika makaburi ya Glasnevin, kwa heshima zote za taifa, na rais de Valera, mwenye miaka 82 na mgonjwa, alisimama kwenye baridi akahutubia. Murlough iko upande wa pili wa mpaka.